Mwaka Boti Ilipokataa Kugeuka Kulia

Tulikuwa katika matanga ya Mama. Mikeka ilikuwa imetandazwa hadi barabarani, wanawake wanagawa chai ya maziwa, na mimi nimekaa na macho makavu kwa sababu machozi yalikuwa yamenikauka tangu asubuhi. Mzee mmoja aliyevaa koti kubwa akaja kuchuchumaa mbele yangu. Sikumtambua mpaka alipocheka: alikuwa Fundi Kakule, aliyekuwa akitengeneza malori karibu na kwetu Mabanga, hapa Goma, zamani hizo. Alinipa pole inavyotakiwa, akamsifu Mama, kisha akashindwa kujizuia. "Salima, na ile moteri yenu ya boti, ilikwendaka wapi? Depi, tangu mwaka ule wa mulima, sikuiona tena." Nilitaka kummwagia chai. Mama hajatimiza hata wiki kaburini, na mtu mzima ananiuliza habari za moteri! Lakini Papa, aliyekuwa kwenye kiti kando yangu na kofia yake nyeupe, alinigusa mkono akasema, "Mueleze, mutoto wangu. Mimi nimechoka." Siku ile sikumweleza mtu. Naeleza leo, na msomaji anisamehe nikipandisha sauti hapa na pale, maana hasira ya mwaka ule haijanitoka.

Ulikuwa mwaka mlima ulipopasuka. Nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nyumbani nikingoja kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini; mji ulikuwa mikononi mwa waasi, ofisi zao, barabara zao, na hata saa ya kulala walitupangia wao. Lava iliposhuka ikapita katikati ya mji, kila mtu alikimbia njia iliyokuwa mbele yake. Mimi nilikuwa kwa rafiki yangu upande wa mpaka, nikasukumwa na umati hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na sufuria tupu mkononi ambayo mpaka leo sijui niliichukua ya nini. Papa na Mama walikwenda upande mwingine, njia ya Mugunga na Sake. Watu walipoanza kurudi, niliikuta nyumba yetu imesimama, imejaa vumbi jeusi mpaka ndani ya vikombe, na Papa amekaa mlangoni na moteri ya boti mbele yake, imelazwa juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukumia mizigo. Mama hakuwepo. Alikuwa Minova, ufukoni mwa ziwa, kwa mdogo wake, mguu umevimba. "Atakuya," Papa alisema. "Tutamuchukua na boti." Barabara ya Sake ilikuwa na vizuizi vya askari kila mahali, kwa hiyo nilikubali kwamba boti ndiyo njia, na nikaingia jikoni, mahali ambapo Mama hakuwahi kuniachia nafasi ya kufanya lolote zaidi ya kuosha vyombo.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, ya kubeba watu na makabichi. Wenye boti wengine walikaa nyuma wakishika mkono wa moteri, lakini Papa alikuwa na usukani wa duara mbele, sawa na wa gari, na alijivunia sana. Kutoka kwenye usukani kebo ilipita ubavuni hadi nyuma, na mwisho wake ilikuwa fimbo ya chuma iliyopita ndani ya bomba fupi kwenye shingo ya moteri. Ukizungusha usukani kushoto, fimbo inatoka na moteri inageuka. Ukizungusha kulia, fimbo inarudi ndani na moteri inageuka upande wa pili. Hayo nayajua kwa sababu nilifungua na kufunga vitu vile mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kila jioni, kabla ya saa ya kukatazwa kutembea, wenye boti wote wa Goma walifungua moteri zao na kuzipeleka nyumbani. Moteri iliyolala ziwani ilikuwa ya askari, na asubuhi hukuwa na mtu wa kumuuliza. Yetu ililala chini ya kitanda cha Papa, na fimbo ilibaki kwenye boti. Kabla ya kulala, Papa alilifuta lile bomba, akalipaka mawese ndani kutoka kwenye chupa ya jikoni, na mengine akayatia kwenye chupa ndogo ya kubeba ziwani. Alijifunza hivyo Kindu, kwenye mto, alipokuwa kijana, na hukuweza kumwambia lolote. "Kindu hatukuwa na grese," alisema, "na moteri zilizaa wajukuu."

Kabla ya mlima kupasuka, Papa aliingia gatini kwa kukata kushoto, miaka yote. Lava ilipomwagika ziwani ilijaza mahali pale, na sisi tukabakiwa na upenyo mwembamba kati ya lava na mawe ya zamani. Kuingia humo ilibidi ukate kulia. Siku ya kwanza Papa alikata kulia. Boti ilianza kugeuka, ikaachia njiani, ikaendelea mbele na kugonga lava kwa kishindo. Makabichi yakaanguka majini. Papa alizungusha usukani tena, ukafika mahali ukagoma kabisa, na kushoto ulikwenda bila shida. Basi akabuni njia yake: kila alipotaka kwenda kulia, alizunguka kushoto, duara zima, mpaka pua ya boti ielekee alikotaka. Abiria walishikana mabega. Mwanamke mmoja muuza samaki wadogo wa sambaza alimwuliza, "Muzee, tunaenda ama tunacheza?" Nilicheka. Papa aliniangalia kwa jicho ambalo lilinifuta kicheko kwa siku nzima.

Na hivyo hivyo, kwa kuzunguka, tulikwenda Minova kumchukua Mama. Alikuwa amesimama juu ya kilima, mbele ya nyumba ya mama mdogo, ameegemea fimbo ya kutembelea, akatuona tunavyokaribia ufuko, tunaupita, tunazunguka, tunaupita tena. Tulipopanda hadi kwake, alinikumbatia muda mrefu, akaninusa shingoni, akasema nimekonda. Kwa Papa alinyoosha mkono tu. Tulikula bugali na mboga ya lengalenga, na hakuna aliyezungumza isipokuwa mama mdogo, aliyezungumza kwa niaba ya wote. Papa alipomwambia Mama afunge vitu vyake, Mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Siwezi kupanda boti yenye haigeuke druwati, kwa kulia. Itengenezwe kwanza." Papa alisema haina probleme, ni vumbi ya mulima. "Basi itoke hiyo vumbi," Mama alisema, "njo wakati ile nitapanda." Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Hata mimi niliiogopa boti ile. Nilirudi Goma nikiwa nimeapa moyoni kwamba boti itageuka kulia hata kama nitaigeuza kwa meno.

Hapo ndipo yalipoanza mateso. Papa alisema ubaya uko mbele, kwenye usukani. Tulifungua sanduku lake, tukatoa vumbi, tukasafisha meno ya gurudumu kwa mswaki wangu, tukafunga. Hakuna kilichobadilika. Nilimwita Fundi Kakule, na Papa hakupenda, maana huyu alikuwa mtu wa malori. Kakule alitenganisha fimbo na moteri, akaisukuma moteri kwa mkono, ikageuka kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, laini kabisa. "Moteri ni muzima," alisema. "Ubaya iko kwa kable ao kwa bomba." Mtu mwenye akili angeanzia hapo. Papa alisikia maneno matatu ya kwanza tu. "Sikuwaambia? Moteri ni muzima!" Akaifunga fimbo, akaondoka kifua mbele, na kesho yake akaja na wazo lake: tuisogeze moteri nzima upande wa kulia. Tuliisogeza. Ikageuka kulia kidogo, lakini sasa upande wa kushoto iligonga ubao wa boti. Papa akachukua msumeno akaukata ubao. Nilimwambia asiukate. Aliukata, na tangu siku hiyo boti ikawa inaingiza maji, na kazi ya kuyachota ikawa yangu.

Tuliirudisha moteri mahali pake. Tukarefusha kiungo cha fimbo, tukapata kulia na kupoteza kushoto. Tukakifupisha, tukarudi tulikotoka. Kakule akasema kebo imezeeka na mpya itafutwe Kigali ama Kampala, maneno ambayo mwaka ule yalikuwa sawa na kutuambia tuitafute mbinguni. Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa na msimamo. Asubuhi, baridi ya Goma ikiwa bado imekaa juu ya maji, usukani ulikuwa jiwe. Adhuhuri jua likiwaka, ulilegea, ukakupa kulia kidogo, na Papa akapiga kofi paja lake: "Unaona? Inapona yenyewe!" Basi anamfukuza Kakule. Kesho asubuhi ni jiwe tena, na ni mimi niliyepaswa kwenda kumbembeleza Kakule arudi. "Baba yako ni mutu wa namna gani?" Kakule aliniuliza siku moja, mikono imejaa mafuta, karibu atokwe na machozi. Kila jioni Papa alilipia aibu ya mchana kwa kulipaka bomba mawese zaidi, akalisugua kwa upole ambao sikuwahi kumwona akimwonyesha binadamu, na mimi nilikaa jikoni nikimsikiliza anavyoinong'oneza moteri, nikatamani kuitupa ziwani pamoja na mwenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa na sombe ya majani ya muhogo jikoni. Nilikuwa nimeitwanga jana yake, imechemka, inangoja mafuta tu, na Papa anapiga kelele mlangoni kwamba abiria wanasubiri. Niliinamisha chupa ya mawese juu ya sufuria. Haikutoka kitu. Nikaitikisa, nikaipiga kitako, nikachokoa shingo yake kwa kijiti. Mafuta yalikuwa yameganda, kizibo kizima cha rangi ya chungwa shingoni mwa chupa, na chini yake mafuta tele yasiyoweza kupita. Niliwaza kwa hasira kwamba hili halikuwahi kumtokea Mama. Ndipo nikakumbuka chupa ya Mama ilivyokaa kila asubuhi kando ya jiko la mbabula, si juu ya rafu, kando ya makaa, na mimi miaka yote nikidhani ameisahau pale. Niliweka chupa karibu na moto. Nikachuchumaa nikiitazama inavyolegea, shingo kwanza, na nilikuwa bado nimechuchumaa pale Papa alipoingia kuniuliza kama nimekufa. "Papa," nilisema, "Kindu kuna baridi?" Akasema Kindu hakuna baridi, swali gani hilo. "Na hapa je?"

Nilibeba birika la maji ya moto hadi ziwani, nikamwita Kakule njiani, na mbele ya abiria tukachomoa fimbo na kumwaga maji ya moto ndani ya bomba. Mara ya kwanza yalikataa kupita. Mara ya pili yalipita machafu, na Kakule akasukuma kijiti chenye kitambaa, na kikatoka kitu ambacho sitakisahau: tope gumu, nusu mawese, nusu vumbi la mlima, limeshindiliwa kwenye shingo ya bomba, pale fimbo inapopaswa kurudi ndani ukikata kulia. Jioni baada ya jioni Papa aliongeza mafuta, usiku yaliganda, na asubuhi fimbo iliyasukuma pamoja. Kakule alipaka grisi yake ya malori, akafunga, akaniambia nizungushe. Nilizungusha kulia. Usukani ulikwenda, ukaendelea kwenda, na moteri nyuma ikageuka mpaka mwisho. Yule muuza sambaza alipiga vigelegele. Papa alichukua ile chupa ndogo aliyokuwa akibebea mawese, akaitupa majini, akasema tu, "Twende."

Tulikwenda Minova siku ya kwanza ambayo hatukuwa na mizigo. Papa alikuwa amenyoa ndevu. Mbele ya nyumba ya mama mdogo alikata kulia, akanyoosha, akakata kulia tena bila sababu yoyote ila kuonekana, na mimi nilipunga mkono kama mwendawazimu kwa sababu Mama alikuwa amesimama palepale, na fimbo yake. Aliona kila kitu. Kisha akageuka akaingia ndani. Tulipofika, alitupa chai, akacheka kweli nilipomsimulia mawese. "Nilijua kuna mutu anakunywa mafuta yangu," alisema. Lakini hakufunga kitu. Papa alikaa mbele ya nyumba na kikombe chake, mimi nikamenya ndizi nyuma ya nyumba, na madirisha ya chumba walimokuwa Mama na mdogo wake yalikuwa wazi pande zote mbili, kwangu na kwa Papa.

"Sasa boti inageuka," mama mdogo alisema. "Unangoja nini?"

"Sikuogopa boti," Mama alisema. "Siku ile ya mulima, chukudu ilikuwa moja. Nilikuwa nimeanguka, muguu umejipinda. Nikamuambia, Papa Salima, siwezi tena. Akatazama muguu, akatazama moteri yenye ilikuwa juu ya chukudu. Akasema, tembea pole pole, nitakuya kukurudilia."

"Na hakurudi?"

"Alirudi. Nilikuwa nimekwisha kufika Sake, na fimbo, na batu benye sikuwajua."

"Lakini bila moteri mungekula nini?"

"Tungekula," Mama alisema. "Batu bote balikula. Nani alikufa njaa kwa kukosa moteri?"

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nilisikia kikombe cha Papa kikiwekwa chini, kisha hatua zake zikishuka kuelekea boti. Nilimkasirikia kwa alilolifanya. Nilimkasirikia Mama pia, kwa sababu alituacha tukihangaika na mabomba na misumeno wakati lililomuuma angeweza kulisema kwa pumzi moja. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye, naelewa kwamba alitupatia kisingizio cha boti kwa sababu hilo lingine lilikuwa zito kulitoa mdomoni mbele ya Papa. Siku ile sikuelewa. Njia nzima ya kurudi boti iligeuka kila alikotaka Papa, vizuri kuliko boti yoyote ya Goma.

Siku chache baadaye alinikuta nikiosha vyombo akaniambia nimsaidie kushusha chukudu hadi ziwani. Nilidhani tunakwenda kuiuza. Tuliipakia ndani ya boti, pua yake imetokeza mbele, abiria wakiiruka na kunung'unika. Minova aliishusha mwenyewe, akaisukuma juu ya kilima kwa jasho, akaisimamisha mlangoni. Mama alitoka. Papa alikuwa anahema. Alingoja mpaka sauti imrudie. "Nimekuya kukurudilia," alisema.

Mama aliitazama chukudu. Aliutazama ubao wake, uliokuwa umefungwa gunia lililokunjwa ili alikalie. "Umechelewa," alisema. Kisha akaniita bila kunitazama, "Salima, leta vikwembe byangu." Nikaenda kufunga vitenge vyake.

Tulifika Goma jua likielekea kuzama. Papa alikata kulia kwenye upenyo wetu, taratibu, Mama ameshika ubavu wa boti na macho wazi, na hatukugusa jiwe hata moja. Abiria waliondoka haraka kwa sababu saa ya kukatazwa kutembea ilikuwa inakaribia. Ilikuwa saa ya kufungua moteri na kuilaza juu ya chukudu, na nilianza kutafuta ufunguo wa nati, mazoea tu, kabla sijaona Papa amemshika Mama kiunoni na kumkalisha pale juu ya gunia. "Na moteri?" niliuliza. Ilihitaji watu wawili kuibeba, sisi wawili tulikuwa wa kusukuma chukudu, wapagazi walikuwa wamekwisha kwenda kwao, na kutoka ziwani hadi Mabanga ilibidi kuvuka lava yenye makali ambayo hata mimi na miguu yangu mizima niliiogopa. Nilisema nitabaki niilinde. Papa alinikatalia kwa sauti ambayo sikuthubutu kuijibu. Nilisema basi tumpeleke Mama, turudi mbio. "Saa imekwisha," alisema. "Shika nyuma, usukume." Alishika mbele. Tulivuka mji hivyo, juu ya mawe yaliyokuwa bado yanafuka moshi pembeni, Mama amenyoosha mguu wake mbele na fimbo magotini, na watu wa Mabanga wakitoka milangoni kumsalimu. Kila alipoitikia salamu, mimi niligeuka kutazama nyuma, kuelekea ziwani.

Asubuhi nilikwenda kabla hawajaamka. Boti ilikuwepo. Moteri haikuwepo. Walioichukua walikuwa wanaijua kazi, maana waliichomoa fimbo vizuri, wakaiacha imelala juu ya ubao, safi, na grisi ya Kakule inang'aa juu yake. Niliingia nikakaa mbele. Nilizungusha usukani kushoto, fimbo ikatoka mpaka mwisho. Nilizungusha kulia, ikarudi mpaka mwisho. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikilia kwa hasira, maana ilikuwa kamili kabisa, na nyuma yake palikuwa na maji tu.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amekaa jikoni, mguu juu ya gunia, na Papa amechuchumaa mbele ya mbabula akipuliza makaa, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Chupa ya mawese ilikuwa kando ya moto. "Bameichukua!" nilipiga kelele. "Papa, bamechukua moteri!" Hakugeuka. "Nilijua," alisema. "Jana wakati nilishika chukudu, nilijua itaenda." Nilimwambia yote: wiki zote zile, vidole vyangu, ubao alioukata, Kakule, mswaki wangu. "Ilikuwa inageuka vizuri!" nilisema. "Ilikuwa inageuka vizuri kabisa!" Akaendelea kupuliza. Mama alimtazama mgongo wake kwa muda mrefu, majivu yakimrukia Papa kichwani, kisha akanyoosha fimbo yake akagusa chupa.

"Papa Salima," alisema, "geuza hiyo chupa. Imeyeyuka upande moja tu."

Papa akaigeuza.